Setilaiti ya Ngomeni Ambayo Hakuna Mtu Huitaja

Kila mwaka ikifika Jamhuri Dei, lazima kuna mtu ataweka ile posti ya Uhuru. Unaijua. Picha nyeusi na nyeupe, roketi imesimama katikati ya bahari, na maelezo kwamba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kusoma eksirei za angani ilirushwa kutoka Kenya tarehe 12 Desemba 1970, ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Watu wanamwaga bendera kwenye koments, wengine wanauliza kama ni ya ukweli, halafu tunasahau mpaka Desemba ingine.

Ni ya ukweli. Lakini leo simtaki Uhuru. Namtaka mdogo wake, aliyeruka kutoka pale pale tarehe 15 Novemba 1972, akafanya kazi karibu miezi saba, akazima. Aliitwa SAS-2. Hakuna aliyempa jina la Kiswahili, na nashuku hiyo ndiyo sababu hakuna anayemwagiwa bendera.

SAS-2 ilikuwa darubini ya miale ya gama. Na kama umewahi kujiuliza watu hupangaje darubini ya kwenda angani, kwamba mtu anaketi na karatasi anaanzia wapi, basi SAS-2 ni mfano mzuri kuliko zile kubwa za siku hizi, kwa sababu ilikuwa ndogo na kila uamuzi wake unaonekana wazi. Uamuzi mmoja mkubwa ulikuwa ni mahali pa kuirushia. Mahali penyewe ni Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kama kilomita 30 hivi.

(Wale wa "wewe uliacha chuo mwaka wa pili, unatufunza nini?" karibuni pia. Viti viko.)

Tuanze na shida yenyewe. Mwanga unaouona kwa macho, nishati yake kwa kila chembe ni kama elektrovolti 2 au 3. Miale ya gama ambayo SAS-2 ilikuwa ikitafuta ilikuwa na nishati ya makumi ya mamilioni ya elektrovolti kwenda juu. Ukipata chembe ya aina hiyo kutoka mbali, unajua huko ilikotoka kuna fujo: nyota iliyolipuka, mabaki yake yanazunguka kama pia, chembe zinagongana na gesi kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Mwanga wa kawaida hauwezi kukueleza hayo.

Sasa, mbona usijenge darubini yako juu ya kilima pale Ngong' uyaangalie? Kwa sababu hewa inayazuia. Na hiyo ni bahati yetu, la sivyo tusingekuwa hapa. Kwa hivyo lazima upande juu ya hewa. Ukifika huko unakutana na shida ya pili: kioo cha kawaida cha darubini hakiwezi kukusanya miale ya gama. Chembe yenye nishati hiyo hairudishwi na kioo, inapenya tu. Kwa hivyo darubini ya gama haifanani hata kidogo na darubini. Ni mtego.

Halafu shida ya tatu, na hii ndiyo iliwatesa watu miaka mingi. Anga limejaa chembe zingine, protoni na wenzake, zinazoitwa miale ya kosmiki. Hizo ni nyingi kupita kiasi. Mwaka 1958 mwanafizikia Philip Morrison aliandika makala akisema miale ya gama kutoka angani inafaa kuonekana, na akakadiria ni mingapi. Watu wakachangamka. Makadirio yake yalikuwa ya juu mno, lakini wakati huo hakuna aliyejua. Tarehe 27 Aprili 1961 Marekani ikarusha Explorer 11, iliyokuwa na kifaa cha William Kraushaar na George Clark wa chuo cha MIT. Unajua ilipata miale mingapi ya gama? 22. Na miale ya kosmiki iliyoigonga ilikuwa kama 22,000.

Hebu keti na hiyo hesabu kidogo. Umejenga kifaa, umekirusha, umesubiri, na kwa kila elfu moja ya takataka unapata kimoja unachotaka. Kwa chembe 22 huwezi kusema zimetoka upande gani wa anga. Unaweza tu kusema: nadhani zipo.

Kraushaar na Clark hawakuacha. Kifaa chao kingine kilipanda na setilaiti ya OSO-3 mwezi Machi 1967, kikarudi na miale 621, na safari hii ikaonekana kwamba mingi inatoka kwenye ule mkanda wa Njia ya Maziwa. Kwa hivyo anga la gama lina umbo. Lakini bado hakuna ramani. Ni kama kuangalia Nairobi usiku kutoka mbali kupitia kioo chenye ukungu: unajua kuna mji, mtaa huujui.

(Mwaka huo huo wa 1967, setilaiti za kijeshi za Vela, ambazo Marekani ilizirusha kuvizia kama kuna mtu anajaribu bomu la nyuklia kinyume cha mkataba wa 1963, zilinasa mlipuko mfupi wa gama ambao haukutoka duniani. Habari ikatolewa kwa umma mwaka 1973. Hiyo hadithi ya milipuko ya gama ni tamu na ni ndefu, nitaiandikia posti yake.)

Sasa njoo kwenye meza ya mipango ya SAS-2. Walioketi hapo walikuwa timu ya Carl Fichtel, kwenye kituo cha NASA cha Goddard. Swali lao lilikuwa: tutazitofautishaje chembe chache za gama na maelfu ya takataka?

Jibu lao la kwanza lilikuwa kwenye mashine yenyewe. Fikiria nyumba yenye soja mlangoni. Soja huyu ni kuba la plastiki maalum linalofunika kifaa chote. Chembe yoyote yenye chaji ya umeme ikipita kwenye plastiki hiyo, inatoa kimweko kidogo cha mwanga. Soja anapiga kelele: "Huyo nimemwona!" na mashine inampuuza. Mwale wa gama hauna chaji, kwa hivyo unampita soja bila yeye kujua. Ukiingia ndani unakutana na mabati membamba ya tangsteni yaliyopangwa moja juu ya lingine. Ukigonga bati, mwale wenyewe unapotea na mahali pake panazaliwa chembe mbili, elektroni na positroni, zinazoendelea kushuka zikiachana kidogo kama herufi V iliyogeuzwa juu chini. Ndani ya kifaa kuna gesi na nyaya nyingi, na kila chembe inapopita, cheche za umeme zinaruka na kuacha alama ya njia. Chini kabisa kuna kifaa kingine cha kuhakikisha kwamba chembe zilikuwa zikishuka, si kupanda.

Kwa maneno mengine: soja hajamwona mtu yeyote akiingia, lakini sebuleni kuna wawili wameketi. Basi hao ndio tunaowatafuta. Ukifuata njia zao kurudi nyuma unajua mzazi wao alitoka upande gani wa anga.

Mimi hii kitu hunifurahisha sana. Hujauona mwale wenyewe hata siku moja. Unaona watoto wake.

Jibu la pili halikuwa kwenye mashine. Lilikuwa kwenye ramani ya dunia. Soja akiwa na kazi nyingi kupita kiasi, anachoka. Mashine inatumia muda wake wote kupuuza. Kwa hivyo ni bora kuiweka mahali ambapo takataka ni chache tangu mwanzo. Mahali hapo pako juu ya ikweta, karibu na dunia, kilomita mia kadhaa tu kwenda juu. Sababu ni sumaku ya dunia. Huku kwetu mistari ya nguvu ya sumaku inalala sambamba na ardhi, kama ua la nyaya, na chembe ya kosmiki ikitaka kushuka lazima iyakate. Zile dhaifu zinarudishwa. Kadiri unavyosogea kwenye ncha za dunia ndivyo mistari hiyo inavyosimama wima, na chembe zinateremka nayo bila shida. Tena kuna lile eneo juu ya Brazili na Atlantiki ya kusini ambapo mkanda wa mionzi unashuka chini sana. Setilaiti nyingi zikipita pale hulazimika kuacha kupima. Ukizunguka kwa kufuata ikweta unapita kandokando tu ya eneo hilo.

Basi unataka njia ya ikweta. Sawa, lakini ukirusha kutoka Florida, nyuzi 28 kaskazini, njia yako ya kawaida inainama nyuzi 28. Kuinyoosha ukiwa angani kunakula fueli vibaya sana. Kwa roketi ndogo ndiyo basi, haiwezekani. Ili roketi ndogo ikufikishe kwenye ikweta, lazima uanzie hapo hapo kwenye ikweta.

Na kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa na kituo cha aina hiyo: Luigi Broglio, injinia na profesa wa Chuo Kikuu cha Roma. Broglio alikuwa ameona mapema kwamba Italia haina mahali pazuri pa kurushia roketi nyumbani, kwa hivyo akaja na wazo la kuweka majukwaa ya chuma baharini kwenye ghuba ya Ungwana, takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Moja, Santa Rita, lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta lililobadilishwa kazi. Lingine ni San Marco, ambalo wenyeji walilichukulia jina wakaupa mtaa mzima. Roketi za utafiti, zile zinazopanda na kushuka tu, zilianza kuruka pale mwaka 1964, miezi michache baada ya sisi kupata uhuru. Tarehe 26 Aprili 1967 ikapanda setilaiti ya kwanza kutoka hapo, San Marco 2. Mpaka roketi ya mwisho tarehe 25 Machi 1988, ni setilaiti tisa zilizoruka kutoka Ngomeni: za Waitaliano, za Wamarekani, na moja ya Waingereza, Ariel 5.

Roketi zilikuwa Scout, za Kimarekani, fueli ngumu, hatua nne, kitu chembamba kama mita 23 hivi kwenda juu. SAS-2 ilikuwa na uzito usiofika kilo 200. Haya, hesabu ikakubali: mzigo mdogo, roketi ndogo, na bahari iliyo mahali pake. Njia yake angani iliinama nyuzi 2 hivi kutoka ikweta, ikizunguka dunia kila dakika 95.

Ndiyo maana sipendi vile hizi hadithi husimuliwa. Ati "Kenya ilichangia mahali." Kama vile mtu aliyekukodishia ukumbi wa harusi. Kwenye SAS-2, mahali palikuwa sehemu ya kifaa, sawa na kuba la plastiki, sawa na tangsteni. Ngao ya sumaku ilikuwa ngao ambayo hakuna mtu alilazimika kuijenga wala kuipandisha kwa roketi. Latitudo yetu ilikuwa ikifanya kazi ya soja wa kwanza, kabla yule wa plastiki hajaamka.

Na ilifanya kazi vizuri. Kuanzia Novemba 1972 mpaka tarehe 8 Juni 1973, SAS-2 iliangalia kama nusu ya anga na kupata miale ya gama karibu 8,000. Linganisha na 22. Kwa mara ya kwanza kukawa na picha inayoeleweka: mkanda wa Njia ya Maziwa unang'aa, katikati unang'aa zaidi, na ndani ya mkanda kuna vitu vinavyojitokeza peke yake. Pulsari ya Kaa. Pulsari ya Vela. Na kitu kimoja kwenye kundinyota la Mapacha ambacho hakikulingana na kitu chochote kinachojulikana.

Halafu tarehe 8 Juni kifaa cha kusambaza umeme wa volti ndogo kikaharibika, na mambo yakaishia hapo. Hakukuwa na ajali wala moto. Kitu kinachofanana na ile adapta ya laptopu yako inayokufa siku ya dedilaini. Kama umewahi kujiuliza kwa nini siku hizi setilaiti huwekewa vifaa viwili viwili vya kila kitu muhimu, basi jibu ni hadithi kama hizi. Bajeti ndogo hupata mfumo mmoja wa umeme.

Lakini kile kitu cha Mapacha kilibaki. Setilaiti ya Ulaya, COS-B, iliyorushwa 9 Agosti 1975, ilikithibitisha. Wanaastronomia wa Milano, wakiongozwa na Giovanni Bignami, walikitafuta kwa kila aina ya darubini, na mwanga wa kawaida haukuonyesha kitu cha maana. Bignami akakipa jina Geminga. Linatokana na Mapacha kwa Kilatini, lakini pia ni mchezo wa maneno: kwa lahaja ya Milano linasikika kama "hakipo". Jina linalosema kitu hakipo, limepewa kitu ambacho kipo. Mswahili angependa hilo fumbo.

Ilichukua miaka 20 kulifumbua. Mwaka 1992 setilaiti ya eksirei ya ROSAT iligundua kwamba Geminga inapiga kama moyo, mara moja kila sekunde 0.237. Ni pulsari, nyota ya nyutroni inayozunguka, iliyo jirani kiasi, karibu miaka 800 ya mwanga. Haitoi mawimbi ya redio kama pulsari zingine, ndiyo maana ilijificha hivyo. Na mtu akiuliza ilionekana kwanza na nani, jibu ni darubini iliyopanda kutoka ghuba ya Ungwana.

Baada ya hapo mambo yakawa makubwa, na kwa maoni yangu, ukubwa ulikuja na bei yake. NASA ilianza kutafuta mawazo ya darubini kubwa ya gama mwaka 1977. Ilipangwa kubeba vifaa vitano, gharama zikabana, kimoja kikakatwa, vikabaki vinne. Kimojawapo, EGRET, kilikuwa mjukuu halisi wa SAS-2: cheche, gesi, kuba la plastiki, na Fichtel yule yule kwenye timu. Halafu Januari 1986 Challenger ikalipuka na foleni yote ya vyombo ikasimama. Darubini hiyo, iliyoitwa Compton, ikapanda tarehe 5 Aprili 1991. Miaka 14. Mtu aliyekuwa anaandika tasnifu yake ya uzamifu wakati mpango unaanza tayari alikuwa na watoto shuleni.

Ilikuwa tani 17. Ilipotolewa kwenye chombo cha Atlantis, antena yake kuu ikakataa kufunguka. Wakatuma amri kutoka duniani, wapi. Mwishowe Jerry Ross na Jay Apt wakatoka nje, kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba ya siku hiyo, na Ross akaitikisa kwa mkono mpaka ikaachia. Mabilioni ya pesa yakaokolewa na mtikiso. Fundi wa redio wa Gikomba angeelewa mara moja.

Kazi yake haina mjadala: katalogi ya tatu ya EGRET ina vyanzo 271, na zaidi ya nusu havikutambulika ni nini. Lakini Compton ilienda kwenye njia iliyoinama nyuzi 28.5, kwa sababu vyombo vya Florida ndiko hupeleka. Yaani ilipita kwenye lile eneo chafu la Atlantiki siku zote za maisha yake. Na mwaka 1999 moja ya jairo zake ilipoharibika, NASA iliamua kuishusha ikiwa bado inaelekezeka, kwa sababu kitu cha tani 17 kikianguka chenyewe, vipande vizito vingefika chini mahali popote kati ya nyuzi 28.5 kaskazini na kusini. Angalia ramani. Sisi sote tuko humo. Ilishushwa Bahari ya Pasifiki tarehe 4 Juni 2000.

Mrithi wake, Fermi, alipanda 11 Juni 2008 akiwa na silikoni badala ya gesi. Gesi ya EGRET ilikuwa inachakaa na kuhitaji kubadilishwa; silikoni haichakai hivyo. Katalogi zake zimepita vyanzo 5,000. Kutoka 22, si chembe safari hii, vitu.

Sasa turudi Ngomeni, kwa sababu watu wengi hudhani hadithi iliisha 1988 roketi zilipokoma. Haikuisha. Kilichobaki ni antena, ile kambi ya nchi kavu, ambayo leo inaitwa Kituo cha Anga cha Luigi Broglio. Setilaiti ya Kiitaliano na Kiholanzi, BeppoSAX, ile ambayo Februari 1997 ilionyesha kwa mara ya kwanza mabaki ya mlipuko wa gama yakififia na kuwezesha watu kujua milipuko hiyo inatoka mbali mno, ilikuwa ikizunguka karibu na ikweta na kuteremsha data yake Malindi. Swift ya mwaka 2004, Malindi. AGILE, darubini ya gama ya Italia ya mwaka 2007, Malindi. NuSTAR ya 2012, Malindi. IXPE ya Desemba 2021, Malindi. Sababu ni ile ile: setilaiti ikizunguka juu ya ikweta inapita juu ya pwani yetu kila mzunguko. Mtu wa Ulaya au wa Alaska haioni kabisa.

Hapo kwa IXPE nisimame kidogo. Uzito wake ni kama kilo 330. Ilihitaji ikweta. Ikarushwa kutoka Florida kwa Falcon 9, roketi inayobeba tani nyingi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo ilitumika kunyoosha njia kutoka nyuzi 28 hadi karibu sifuri. Miaka 50 kabla, Scout ya mita 23 ilifanya kazi ya aina hiyo kwa sababu ilianzia mahali sahihi.

Na sasa kuna nyingine inakuja. Inaitwa COSI. NASA iliichagua Oktoba 2021, kiongozi wake ni John Tomsick wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na imepangwa kurushwa mwaka 2027. Inaenda kwenye pengo ambalo limekaa wazi muda mrefu: miale ya gama ya nishati ya wastani, elektrovolti laki mbili hadi milioni tano. Ni laini mno kwa mtego wa SAS-2 na Fermi, ni kali mno kwa vioo vya eksirei. Kifaa cha mwisho kukagua anga lote hapo kwa makini kilikuwa COMPTEL, ndani ya ile Compton iliyozamishwa, na katalogi yake ilikuwa na vyanzo 32 tu vya kudumu. Fermi 5,000, hapa 32. Si kwamba hakuna vitu, ni kwamba hatujaangalia vizuri. COSI itatumia vipande 16 vya gemaniamu vilivyopozwa sana, na moja ya maswali yake ni positroni zinazotoweka katikati ya Njia ya Maziwa: zinatoka wapi zote hizo?

Kabla ya kukubaliwa, timu yake iliibeba kwa puto. Mwaka 2016 puto hilo lilikaa angani siku 46 baada ya kuachiliwa kutoka New Zealand. Na wakati wa kupanga njia yake ya angani, walifanya hesabu ile ile ya Fichtel, wakapata jibu lile lile. Ikweta. Data ishuke wapi? Malindi.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na najua kuna wale watakasirika. Kelele zetu zote ziko kwa roketi. Kila waziri akitaka makofi anasema Kenya itajenga kituo cha kurushia. Mimi sina shida na roketi, latitudo iko na haiendi popote. Lakini kitu kilicho hai leo, kinachofanya sayansi ya daraja la kwanza kila dakika 90 hivi, ni hiyo antena, na hakuna anayeizungumzia kwa sababu haipigi picha nzuri. Shirika la Anga la Kenya lilianzishwa 2017. Taifa-1 ilipanda 2023, hongera. Sasa swali ninalotaka mtu aulize bungeni ni dogo na la kuchosha: kwenye kila darubini inayoteremsha data Malindi, kuna viti vingapi vya wanafunzi wetu kwenye timu ya sayansi? Si kazi ya kulinda geti. Si ziara ya siku moja na fulana. Kiti kwenye ile meza ambapo watu wanabishana kama kifaa cha tano kikatwe au kibaki.

Meza hiyo hukaa miaka kumi, kumi na nne. Ukiingia wakati wa kurusha umechelewa, kila kitu kilishaamuliwa. Darubini itakayofuata COSI kuna mtu tayari anaichora mahali fulani, na kwenye mchoro wake kuna mstari unaopita juu ya Ngomeni.

Wakati tunasubiri bunge, kuna kitu hakihitaji ruhusa ya mtu. Data ya Fermi iko wazi kwa umma, bure, hata kama huna kitambulisho cha chuo. Unachagua sehemu ya anga, unachagua tarehe, wanakutumia chembe moja moja, kila moja na muda wake na upande iliotoka. Anza na Geminga: saa 6 dakika 34, nyuzi 17 na dakika 46 kaskazini. Pakua usiku ukiwa na bando ya bei rahisi, na usichague miaka yote kwa wakati mmoja kama laptopu yako ni ya mkono wa pili kama yangu.